Faini ya Zabibu

Barabara ya lami iliishia kwa mfuga nyuki.
Kutoka hapa ni njia ya punda, akasema,
na gari lako si punda.
Nikaliacha kando ya mizinga, nikapanda kwa miguu
kati ya majabali ya mchanga yaliyochongoka
kama meno ya msumeno uliosahauliwa na fundi.

Nilikuwa na miaka sitini na mbili na goti moja zima.

Mama alikuwa akisema: mlima ule nimeuvuna nusu.
Alisema akikanda unga, alisema akifua,
alisema hata siku zile jina langu lilipokwisha kumtoka.
Nusu ya mlima. Kwa mikono hii.
Nasi watoto tukikonyezana nyuma ya mlango.

Kostadinka alinifungulia kwa ufunguo mrefu kama mwiko.
Hakuuliza nimetoka wapi. Aliuliza soli za viatu vyangu ni za nini,
maana ngazi za kushuka ni za mawe, na mawe yanatoka jasho,
na mwaka jana mgeni mmoja wa Varna
alizishuka zote kwa makalio.

Chini, baridi ilitushika bega kama askari wa zamu.
Pango lilichimbwa kwa sululu; alama zake bado zimo ukutani,
pigo juu ya pigo, kama magamba ya samaki.
Mapipa yamelala ubavu ndani ya pete zao za chuma,
na hewa ina harufu ya ngozi, ya tumbaku,
ya plamu zilizosahauliwa mfukoni mwa koti.

Akachovya kibuyu cha shingo ndefu, akanimiminia.
Si wekundu wa bendera. Ni wekundu wa damu iliyokwisha tulia,
karibu na weusi, na ukingoni mwa glasi
rangi ya tofali.
Huku wanasema divai yao hubebeka kwenye leso.
Nikatoa leso yangu.
Usiharibu leso, akasema.
Kwanza ulimi ulikauka. Utamu ulikuja umechelewa,
kama mgeni aliyepitia kwa jirani.

Nikamtajia jina: Rusalina wa Zornitsa, mavuno ya hamsini na tisa.
Akapandisha miwani, akaenda kabatini,
akarudi na daftari la ushirika, pembe zake zimeliwa na panya.
Kidole kilishuka polepole, kikawapita wavunaji,
Vasilka makapu arobaini, Todorka arobaini na matatu,
kikasimama.

Rusalina: makapu kumi na moja.
Na kando, kwa wino wa zambarau:
faini, stotinki kumi na nne, kwa kula zabibu.

Nusu ya mlima!
Nilicheka hadi mwangwi ukazunguka mapipa ukanirudia,
na uliporudi haukuwa kicheko.
Msichana wa miaka kumi na saba, kutoka kijiji cha viazi,
amechuchumaa nyuma ya mzabibu, kidevu kinachuruzika,
masikio yamesimama kumsikiliza mnyapara,
anakula.
Mama hakutudanganya.
Ni sisi tuliodhani kuvuna ni kwa makapu tu.

"Haikulipwa," Kostadinka akasema, kwa sauti ya karani.

Dawa ya deni ni moja, na kila mtu anaijua.
Nikapekua pochi hadi kwenye mshono,
kwenye sarafu zile ambazo duka la mkate halizipokei tena:
kumi, mbili, mbili.
Hakuzikataa. Angezikataa ningemchukia.
Alizihesabu mara mbili, akalamba ncha ya penseli,
akapiga mstari, akaandika tarehe ya leo,
kisha akapuliza juu ya karatasi
ingawa penseli haina cha kukauka.

Chupa sikununua. Goti lilikuwa linalalamika na njia ni ndefu.
Kwenye mzabibu wa mwisho, kabla ya lango,
wavunaji walikuwa wamesahau kishada kimoja,
kimesinyaa, kina vumbi, nyigu mmoja juu yake.

Nikatazama nyuma. Mlango ulikuwa wazi bado,
na ndani yake, miwani.

Nikachuma.